Paka wa kota na maua ya mezani



Mtu anayekaa kota hahitaji kufundishwa faida ya paka. Hapa kwetu Mpumudde, Jinja, wengi hununua mahindi kwa gunia wakati wa mavuno, bei ikiwa bado chini. Gunia hilo likikaa pembeni ya chumba bila paka, panya watakula kabla ya watoto. Kwa hiyo paka kwetu si pambo. Ni mlinzi wa zamu ya usiku asiyedai ovataimu.

Miaka michache iliyopita paka wetu alikufa, na kifo chake kilinitia aibu ambayo sijaisahau. Ndugu mmoja anayefanya kazi ya bustani alimletea mke wangu maua meupe ya yungiyungi. Si yale ya majini, ni yale makubwa yenye umbo la tarumbeta, ambayo hupambwa makanisani wakati wa Pasaka. Mke wangu aliyatia katika kopo la maji juu ya meza. Jioni tulimwona paka ana vumbi la manjano begani, akijilamba. Usiku alitapika. Kesho yake alilala chini ya kitanda, hataki chakula. Siku ya nne tulimzika nyuma ya nyumba.

Mimi nilikata hukumu upesi: jirani ametega sumu ya panya. Nikaenda mlangoni kwake na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alinijibu neno moja tu: "Ndugu, mimi nina watoto wadogo, sumu nitaiweka wapi?" Nami ndiye ninayeitwa kusuluhisha watu wakigombana kazini! Kwa wiki kadhaa jirani yule hakukanyaga mkutano wa chama. Baadaye nilimsimulia daktari wa mifugo habari hiyo, naye akaniuliza kama nyumbani kulikuwa na maua.

Yungiyungi la aina hiyo ni sumu kwa paka kila sehemu yake: jani, shina, ua, lile vumbi la manjano, hata maji ya kopo. Akitafuna kidogo tu, au akilamba vumbi lililoshika manyoya, figo zake huharibika. Mbwa akila ua hilohilo kwa kawaida huumwa tumbo tu, lakini paka hufa. Dawa ni kumfikisha kwa daktari ndani ya saa chache, atiwe maji mshipani kabla figo hazijasimama. Akiacha kukojoa, matumaini ni madogo sana. Kutapika kule kwa usiku wa kwanza ndiyo ilikuwa nafasi yetu, nasi tulilala.

Jambo jingine ambalo wengi hatulijui ni kwamba ini la paka haliwezi kuvunja sumu fulani ambazo ini la mtu huzivunja bila taabu. Nimeona watu wenye huruma wakimpa paka mgonjwa panadoli. Kidonge kimoja chaweza kumwua. Wala msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi nayo ni sumu. Maziwa hayaondoi sumu.

Yako mengine karibu na milango yetu. Ile miti ya wigo yenye majani membamba na maua ya manjano kama kengele, na ndugu yake mwenye maua mekundu au meupe, sumu yake hushika moyo, wa paka na wa mtu pia. Ukiikata usiitumie kuni, maana hata moshi wake una madhara. Kayukiyuki huharibu ini, na ng'ombe wengi wamekufa kwa kuila. Mbegu za nsogasoga, yaani mbarika, zina sumu ya risini, ambayo inaaminika ndiyo iliyomwua mwandishi wa Bulgaria, Georgi Markov, mjini London mwaka 1978. Paka hana haja na mbegu hizo, lakini mtoto wa miaka mitatu huziokota kwa ajili ya madoa yake mazuri.

Kuna na manyara, yenye utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo huchoma ulimi wa paka, na ukiingia machoni mwa mkataji wigo unaweza kumpofusha. Ndugu mnaopewa panga na kuambiwa mkate wigo wa manyara mikono mitupu, daini glavu na miwani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na bila malipo.

Sisemi mng'oe kila ua. Paka hutafuna majani kwa tabia yake, akikosa nyasi hutafuna kilicho karibu. Sisi sasa tumempandia nyasi katika kopo lililotobolewa chini, analitumia. Takataka za bustani, hasa zile mnazoletewa bure kutoka nyumba za wakubwa, zifukieni shimoni, zisilale uani.

Nilirudi kwa jirani kuomba msamaha. Alicheka, akanipa chai, na miezi mitatu baadaye akatuletea mtoto wa paka wake, jike lenye madoa. Mezani kwetu siku hizi ni waridi tu, hayo hayamdhuru.