Gari Kuukuu la Ulaya: Yampasayo Mmiliki Kuyajua

Magari ya Ulaya yaliyokwisha kutumika, kama vile Volkswagen, Mercedes-Benz, BMW, Volvo na Peugeot, huuzwa nchini kwa bei inayomvutia mnunuzi. Gari lililokuwa la fahari miaka kumi na mitano iliyopita leo laweza kupatikana kwa bei ya gari dogo la kawaida. Hata hivyo, mlaji hana budi kukumbuka kwamba bei ya gari hushuka kadiri linavyozeeka, lakini bei ya vipuri vyake na ya ufundi wake haishuki pamoja nayo. Basi kabla ya kununua, na baada ya kununua, yafaa kujua ni nini hasa huyaharibu magari haya na jinsi mmiliki anavyoweza kuilinda fedha yake na maisha yake.

Kwa ufupi, matengenezo mengi ya gharama kubwa huanzia katika kitu kidogo cha bei nafuu kilichopuuzwa.

Mipira, plastiki na vimiminika

Chuma cha injini hizi hudumu miaka mingi. Kinachozeeka mapema ni mipira, plastiki na vimiminika, na joto la nchi zetu huharakisha uzee huo. Kwa mfano, BMW za kizazi cha E46, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1990, zinajulikana kwa tangi la plastiki la maji ya rejeta linalopasuka kwa umri. Tangi likipasuka maji humwagika, injini huchemka, silinda hedi ya alumini hupinda na gasketi yake huungua. Tangi ni matengenezo ya siku moja, ilhali silinda hedi yaweza kugharimu sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe.

Rejeta isijazwe maji ya bomba wala ya kisima kuwa mazoea, kwa kuwa chumvi na kutu huziba njia zake. Tumia kulanti iliyotajwa katika kitabu cha gari, wala usichanganye aina mbili kwa kutazama rangi peke yake. Kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani, hata kama gari limekaa bila kutembea. Yakishaingiwa na maji, huchemka mapema breki zinapopata moto. Katika mteremko mrefu kama ule wa Kitonga, dereva aweza kukanyaga breki ikazama bila kushika. Watengenezaji wengi wa Ulaya huagiza mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka 2.

Kuhusu oili ya injini, unene kama 5W-40 hautoshi kuwa kigezo. Kopo lionyeshe pia kibali cha mtengenezaji wa gari, kwa mfano VW 502 00, MB 229.5 au BMW LL-01, kwa kadiri kitabu kinavyoelekeza. Vilevile usikubali kila giaboksi iitwe ya "oili ya maisha". Giaboksi ya DSG ya gia sita, ambayo klachi zake hufanya kazi ndani ya oili, huhitaji oili na filta mpya kila kilomita 60,000.

Mkanda wa tamingi

Injini nyingi za Ulaya huendesha valvu zake kwa mkanda wa mpira. Katika nyingi ya hizo, mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu, na injini huharibika papo hapo. Mkanda hauna taa ya kuonya. Huisha kwa kilomita na huisha pia kwa miaka, hivyo gari lililotembea kidogo halijasalimika. Ikiwa muuzaji hana risiti inayoonyesha tarehe na kilomita za mkanda kubadilishwa, mnunuzi auhesabu kuwa haujabadilishwa na aitie gharama hiyo katika mapatano ya bei. Roli za kukazia mkanda zibadilishwe pamoja nao. Iwapo pampu ya maji huzungushwa na mkanda huohuo, nayo ibadilishwe, kwani kazi ya kuifikia ni ileile.

Taa ya injini ikiwaka

Magari ya petroli yaliyouzwa Ulaya tangu mwaka 2001, na ya dizeli tangu 2004, yana tundu la kuunganisha kompyuta ya kupimia. Kompyuta hutoa namba ya hitilafu, lakini namba hiyo haitaji kipuri cha kununua. Tuchukue P0171. Maana yake ni kwamba mchanganyiko unaoingia katika injini una mafuta machache kuliko hewa inavyodai. Sababu yaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta iliyodhoofu. Fundi asomaye namba na kuagiza sensa mara moja anabahatisha kwa fedha ya mteja. Mwombe apime kwanza, kwa mfano kwa kupuliza moshi katika njia ya hewa ili ufa uonekane.

Taa nyekundu ya oili au ya joto haina subira. Simama mahali salama na uzime injini. Taa ya injini ikimetameta, punguza mwendo na usiendelee na safari ndefu.

Kununua vipuri

Modeli moja yaweza kuwa na breki za aina mbili au tatu katika mwaka mmoja. Kwa hiyo usinunue kwa jina la gari pekee. Tumia namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17, ambayo huwezesha kupata namba kamili ya kipuri. Vipuri vya mtumba vyafaa kwa milango, taa na viti, lakini havifai kwa mikanda, mipira ya breki na pampu za maji, kwa maana umri wake haujulikani.

Mapatano na fundi

Kabla ya kuacha gari gereji, hakikisha yafuatayo yameandikwa:

- Hitilafu iliyoonekana na kipimo kilichoithibitisha.
- Kazi itakayofanyika, bei ya vipuri na bei ya ufundi, kila moja mbali.
- Kwamba hakuna kazi ya ziada bila idhini yako.
- Kwamba vipuri vya zamani utarudishiwa.
- Muda wa dhamana ya kazi.

Risiti zote zihifadhiwe katika jalada moja pamoja na tarehe na kilomita. Jalada hilo humsaidia fundi wa kesho, huongeza imani ya mnunuzi, na ni ushahidi wako pakitokea mgogoro.

Ukipotoshwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inapiga marufuku bidhaa bandia. Ukiuziwa kipuri bandia, usikitupe. Kihifadhi pamoja na boksi lake na risiti, mjulishe muuzaji kwa maandishi, na asipokusikiliza peleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Mwenye gari kuukuu la Ulaya si lazima awe fundi. Anachohitaji ni kujua tarehe za vitu vinavyozeeka, kudai kipimo kabla ya kipuri, na kutunza maandishi. Asiyeweza kutenga fedha ya mkanda, kulanti na mafuta ya breki katika mwaka wake wa kwanza, heri achague gari lingine mapema.