Mona Lisa: Kwa nini wenye viti vya magurudumu huiona kwa karibu zaidi?

Ukienda makumbusho ya Louvre jijini Paris kuiona Mona Lisa, jiandae kukutana na umati na simu zilizoinuliwa juu. Mchoro wenyewe ni mdogo, sentimita 77 kwa 53 tu, uko nyuma ya kioo, na kizuizi kinawaweka watu mbali nao.

Sasa fikiria umekaa. Macho yako yako usawa wa viuno vya waliosimama. Hata ukisubiri saa nzima, utaishia kuona migongo na mabegi.

Ndio maana Louvre huwaruhusu wanaotumia viti vya magurudumu kusogea mbele ya umati. Wengine hunung'unika kuwa ni upendeleo. Lakini bila utaratibu huo, mtu angesafiri, angeingia ndani, na bado asingeuona mchoro.

Haki iliyodaiwa

Mwaka 1974 Mona Lisa ilipelekwa Tokyo, Japani. Kwa kuhofia msongamano, waandaaji waliwazuia watu wenye ulemavu waliohitaji kusaidiwa. Mwanaharakati mmoja mwenye ulemavu aliupulizia mchoro rangi nyekundu kupinga hatua hiyo. Kioo kiliukinga, na yeye akatozwa faini. Hata hivyo, siku maalumu ilitengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu.

Keki ya mwaka 2022

Mei 2022, mwanamume aliyejifanya bibi kizee alifika Louvre kwenye kiti cha magurudumu, akasogea mbele, kisha akaipaka keki Mona Lisa. Kwa mara nyingine kioo kikaokoa. Aliyeumia ni mtumiaji halisi wa kiti: visa kama hivi humfanya atazamwe kwa mashaka.

Kufika hapo nako ni kazi

Louvre ilianza kama ngome, baadaye ikawa kasri la wafalme, kwa hiyo ngazi zimejaa. Chini ya piramidi ya kioo, iliyofunguliwa 1989, kuna lifti ya duara isiyo na paa, katikati ya ngazi za mzunguko. Mona Lisa iko ghorofa ya kwanza, upande wa Denon. Wageni wengi hupanda ngazi kubwa za Daru. Mwenye kiti huzunguka hadi kwenye lifti.

Ukipanga kwenda:

• Kiingilio ni bure kwa mtu mwenye ulemavu na msindikizaji mmoja. Beba uthibitisho.

• Viti vya kuazima vipo, bila malipo.

• Chukua ramani ya lifti mapema, na uliza kama kuna iliyoharibika siku hiyo.

• Kwenye chumba cha Mona Lisa, usikae nyuma ya umati. Mwite mlinzi akuonyeshe njia.

Na kwenye makumbusho yoyote ile, usiulize tu "naweza kuingia?" Uliza pia: "nikiwa nimekaa, nitaona?"