Gari Letu la Uani Lilipovuja Oili

Mama mpendwa, je, umewahi kununiana na mumeo kwa sababu ya matone ya oili? Sisi tumewahi. Nakuandikia habari hii kwa kuwa huenda nawe una baba, mume au kijana anayeunda kitu uani, na wewe ndiwe unayefagia chini yake.

Mume wangu si fundi wa kusomea, lakini anajua kuchomelea vyuma. Kwa miaka miwili alikusanya vipande: injini ya petroli ya silinda nne kutoka katika pikapu iliyooza bodi, gia boksi, ekseli na magurudumu. Fremu aliichomelea mwenyewe hapa nyumbani Tengeru. Alitaka gari dogo la kutoa ndizi na mboga shambani, nisije nikazibeba kichwani kila ikaribiapo Jumamosi, siku ya soko letu. Tulikubaliana kwamba gari lile lingepita kwenye njia za shamba tu, kwani gari lisilosajiliwa wala kukaguliwa si la kuingiza barabara kuu ya Moshi.

Siku injini ilipowaka, watoto walipiga makofi. Baada ya wiki moja, chini yake palikuwa na doa jeusi pana kama sinia.

Tulitibu tusipopajua

Fundi wa kwanza alichungulia chini, akaona oili inadondoka mahali injini inapoungana na gia boksi. Akasema sili ya nyuma ya krenki shafti imekufa. Gia boksi ikashushwa, sili mpya ikatiwa. Siku ya tatu oili ikadondoka palepale.

Wa pili akasema ni gasketi ya sampu, yaani lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Akatia gasketi mpya, akaipaka silikoni nyingi na kukaza bolti kwa nguvu zake zote. Oili ikaendelea kutoka. Tena bolti zilizokazwa kupita kiasi zilikuwa zimepinda ukingo wa sampu, ikabidi unyooshwe kwa nyundo.

Kufikia hapo tulikuwa tumegusa fedha za sare na madaftari ya binti yetu. Nilisema maneno ambayo nisingependa kuyarudia hapa, naye akanyamaza. Tulilala mzungu wa nne siku mbili.

Jioni ya siku ya pili nilimkuta mwanetu mdogo amechuchumaa kando ya lile dimbwi, akikoroga oili kwa kijiko changu cha chai. Nilimnyakua, nikamwosha kwa sabuni, kisha nikaketi kizingitini kufikiri. Hasira haingelikausha dimbwi lile.

Safisha kwanza, ndipo utazame

Mgonjwa akiletwa wodini damu imetapakaa, hatushoni kwa kubahatisha. Tunasafisha, tunafuta, kisha tunatazama damu inatoka wapi. Jeraha la kichwani huweza kulowesha shati lote. Nilimwuliza mume wangu, “Baba, hii injini mliwahi kuisafisha kabla ya kuitibu?” Akatikisa kichwa.

Jumamosi ile tuliianza kazi pamoja, injini ikiwa imepoa na betri imefunguliwa. Tulifunika kabureta na sehemu za umeme kwa mifuko ya plastiki. Tukasugua injini kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, mbali na moto wowote. Kisha tukaiosha kwa maji ya sabuni na kuiacha ikauke kabisa.

Hapo nikaleta poda ya mtoto. Tulinyunyiza kidogo juu ya injini, pande zote na nyuma, mpaka ikawa nyeupe. Akaiwasha kwa dakika kumi, tukasimama mbali na feni na mkanda wake. Mahali oili inapotokea, poda hulowa na kuacha mstari mweusi, nawe unaufuata ukielekea juu. Oili huteremka, na upepo wa feni huisukuma nyuma. Kwa hiyo inapodondokea si lazima ndipo inapotokea.

Mstari wetu haukuanzia chini. Ulianzia juu kabisa, kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, ukateremka mgongoni mwa injini hadi pale fundi wa kwanza alipoonyesha. Aidha, oili ilikuwa ikirushwa kupitia tundu la kijiti cha kupimia oili. Kulikuwa na kitu ndani kinachosukuma.

Injini nayo hupumua

Mume wangu alisimama kimya kitambo, kisha akapeleka mkono kwenye bomba fupi lililo ubavuni mwa injini. Akachomoa gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa. Alilitia mwenyewe miaka miwili nyuma ili vumbi lisiingie wakati akiunda fremu, akalisahau.

Petroli inapowaka ndani ya silinda, sehemu ndogo ya gesi hupenya kando ya pistoni na kushuka kwenye nafasi ya krenki. Katika injini iliyochakaa gesi hiyo huwa nyingi zaidi. Bomba lile ndilo la kuitolea nje. Likizibwa, shinikizo huongezeka na kuisukuma oili kupitia kila gasketi na kila sili. Hata ukiweka sili mpya mara kumi, zitavuja.

Methali yetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tukiziba nyufa, na kumbe tatizo lilikuwa tundu lililozibwa.

Aliunganisha mpira kutoka bomba lile hadi kwenye kisanduku cha kichujio cha hewa. Tukatia gasketi mpya ya kifuniko cha valvu bila silikoni, kwa maana silikoni ikizidi humeguka ndani na kuweza kuziba chujio la oili. Bolti alizikaza kidogo kidogo, akianzia katikati kwenda pembeni.

Lilibaki jambo moja linalowapata wengi wanaounda gari wenyewe. Injini yetu ilikuwa imefungwa ikiinama nyuma kuliko ilivyokuwa katika pikapu. Kwa hiyo kijiti kilionyesha oili imepungua hali imejaa, na kila wiki mume wangu aliongeza. Tulimwaga yote, tukatia filta mpya na kujaza kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha injini ile. Tukaiwasha kidogo, tukasubiri oili ishuke, ndipo tukachora alama mpya kwenye kijiti.

Asubuhi yake kadibodi tuliyoitandika chini ilikuwa na matone mawili tu.

Waliotucheka

Majirani walitucheka, lakini kuunda gari ni kazi ngumu hata kwa wataalamu. Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la nchi yao. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalizinduliwa. Yaliundwa matano, na kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikufika mbali. Hapa kwetu Shirika la Nyumbu, Kibaha, liliunda lori lake kwa juhudi za wahandisi wengi. Basi tusishangae baba mmoja uani akisahau gunzi.

Neno kwa akina mama

Oili iliyotumika ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi kwa mtu anayeigusa mara kwa mara kwa muda mrefu. Mume na vijana wavae glovu, wasitie matambara yenye oili mfukoni, na wanawe kwa sabuni, si kwa petroli. Isipakwe kwenye kidonda wala vipele vya mtoto. Mtoto akiinywa oili, petroli au mafuta ya taa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, kwani akitapika huweza kuingia mapafuni.

Usimwage oili kwenye mfereji. Maji hayohayo yanakwenda kwenye migomba ya jirani na ndoo za watoto wake. Itie katika dumu lenye kifuniko, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu. Tena oili ikidondokea bomba la moshi lenye joto huweza kuwaka. Usipuuze harufu ya kuungua. Na mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee. Liwekewe stendi imara.

Binti yetu alivaa sare kuukuu muhula ule, na tulimwomba radhi sote wawili. Muhula uliofuata alipata mpya, kwa fedha za ndizi zilizotoka shambani kwa gari lile. Siku hizi nikiona mume wangu amenyamaza sana, siharakishi kumfokea. Namwekea chai, nakaa karibu, namwuliza ni kitu gani kimemziba. Naye ameanza kuniuliza mimi vilevile.