Juu ya Kujifunza Programu za Kuchora Ramani za Majengo

Makala haya yahusu jambo ambalo kwa sura yake ya nje ni la wahandisi na wachora ramani, wala si la wanaisimu. Mtu aliyekwisha hitimu kazi ya kuchora ramani za majengo, au fundi aliyesoma ramani kwa miaka mingi penye misingi na kuta, aona tangazo la kazi. Sifa zote zilizotajwa anazo, ila moja: yatakiwa ajue programu fulani ya kompyuta ambayo hajapata kuifungua. Basi hana budi kujifunza, na aghalabu muda alio nao ni wa majuma machache tu kabla ya kuitwa mbele ya mwenye kazi na kupewa mchoro auchore huku saa ikitazamwa. Nataka kuonyesha ya kuwa sehemu kubwa ya shida impatayo mtu huyu ni shida ya maneno; na kwamba sisi tushughulikao na istilahi twaweza kumpunguzia shida hiyo, ama kumwongezea, kwa kadiri tuchaguavyo maneno yetu.

Yafaa kwanza kusema machache juu ya programu zenyewe. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa akisomea udaktari katika Massachusetts Institute of Technology huko Marekani, alitoa tasnifu juu ya Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora mistari juu ya kioo cha mashine kwa kalamu ya nuru. Desemba 1982 kampuni ya Autodesk ilitoa AutoCAD, ambayo iliweza kutumika katika kompyuta ndogo za mezani, nayo ikaenea duniani. Revit ilitoka mwaka 2000, na mwaka 2002 kampuni iliyoitengeneza ikanunuliwa na Autodesk. Mifano yangu nitaitoa katika hizi mbili, kwa kuwa hutajwa mara nyingi katika matangazo ya kazi za ujenzi. Zote mbili husema na mtumiaji kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kichina, Kijapani na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo.

Aanzaye kujifunza AutoCAD hudhani ya kuwa kazi yake ni kukariri amri. Kila tendo lina amri yake, nayo huandikwa kwa herufi: LINE ni kuchora mstari, CIRCLE duara, TRIM kukata kilichozidi, EXTEND kurefusha kilichopungua; na kila amri ina kifupi chake, L, C, TR, EX. Mwenye bidii huzishika amri thelathini upesi, kisha hubandika kiambishi ku- mbele ya amri ya Kiingereza na kuitumia kama kitenzi cha Kiswahili. Wala simlaumu, kila fani iliyoingia pwani yetu kwa meli ilikuja na maneno yake. Lakini mtu huyo huyo aliyezishika amri thelathini hukwama mahali ambapo hakuna amri ya kukariri, nami naona kwamba mahali hapo pamefichwa chini ya majina mawili matatu yaliyofasiriwa vibaya.

Lililo baya kuliko yote ni neno la Kiingereza layer. Kamusi zetu hulifasiri tabaka, na katika maneno ya ardhi, au ya rangi iliyopakwa ukutani, fasiri hiyo haina ubaya. Katika programu za kutengeneza picha, kama Photoshop, pia yafaa, maana huko kitu kilicho katika tabaka la juu hufunika kilicho chini. Wachora ramani nao walilipata neno hili kwa haki: zamani za ubao wa kuchorea walikuwa wakiweka karatasi zipitishazo nuru moja juu ya nyingine, ya kuta chini, ya mabomba juu yake, ya nyaya za umeme juu ya zote. AutoCAD ililirithi jina, lakini jambo lenyewe likageuka. Katika AutoCAD layer haiko juu wala chini ya nyenzake. Kitu kipi kimfunike mwenziwe huamuliwa kwa amri nyingine kabisa, DRAWORDER. Mwanafunzi aliyeambiwa “tabaka” hutafuta njia ya kulipandisha tabaka la milango juu ya tabaka la kuta, asiione, akadhani ya kuwa yeye ni mjinga au programu ni mbovu.

Layer ni nini basi? Kila kitu kilichochorwa, kiwe mstari, duara au maandishi, kimo katika layer moja, wala hakiwezi kuwamo katika mbili. Layer ina jina, na ina sifa zake: rangi, namna ya mstari, unene wa mstari. Kitu kilichoachiwa huru huchukua sifa hizo kutoka kwa layer yake. Ukikihamishia layer nyingine, chabadilika rangi na unene papo hapo; na ukibadili rangi ya layer, vyote vilivyomo hubadilika pamoja nayo. Msomaji wa jarida hili bila shaka amekwisha kutambua tunachozungumzia. Hii ni ngeli, na kinachotendeka hapo ni upatanisho.

Mfanano huu si wa juu juu. AutoCAD ina layer moja iitwayo 0, ambayo huwatatiza hata waliokwisha zoea. Vitu vilivyochorwa humo kisha vikafungwa pamoja kuwa kitu kimoja cha kutumiwa tena na tena, mathalani alama ya mlango, havishiki sifa za 0; vikiwekwa mahali, huchukua sifa za layer ile vilikowekwa. Ndivyo kilivyo kivumishi chetu: -zuri hakina ngeli yake, bali huwa mzuri, kizuri au vizuri kwa kufuata nomino. Na kosa la wanaoanza ni la jinsi hiyo hiyo. Mtu hukipaka kitu kimoja rangi nyekundu kwa mkono, asikiache kifuate layer yake. Kwenye kioo chaonekana sawa, nayo ramani yachapika. Lakini siku mkuu wa ofisi abadilipo rangi ya layer nzima, kitu kile hubaki chekundu peke yake katikati ya wenziwe, kama mtu asemaye “kiti mzuri” mbele ya darasa. Mwenye kuajiri akifungua faili ya mwombaji, hilo aweza kuliona kwa kubonyeza mara moja tu. Na mwombaji, ambaye mchoro wake u sahihi kwa vipimo, hatajua kwa nini hakuitwa tena.

Sisemi kwamba istilahi iwe ngeli. Waliopita shule wamefundishwa ngeli, ingawa wengi wao waliziogopa kuliko hesabu, na huenda wakalikimbia neno hata kabla ya kulisikia lote. Naona kundi latosha: kundi la kuta, kundi la milango, kundi la mabomba. Ila mwalimu ambaye wanafunzi wake ni wasemaji wa Kiswahili angepoteza akiba kubwa kama asingewaambia ya kuwa jambo hili walijua tangu utotoni, nao hulitenda kila wafunguapo kinywa.

Shida ya pili yahusu vitenzi. Hapa yafaa kuangalia waliotutangulia. Amri ya Kiingereza FILLET huzungusha pembe ya mistari miwili ikutanapo. Wajerumani waliifasiri ABRUNDEN, yaani kufanya mviringo. Wafaransa wakaiita RACCORD, yaani kiungo. Kwa aliyetazama maana ya kamusi tu, Wajerumani ndio waliopata. Lakini tumtazame mchora ramani za nyumba akiwa kazini. Pembe za kuta zake si za mviringo. Yeye huweka nusukipenyo kuwa 0, kisha huitumia amri hii kuikutanisha mistari miwili iliyopitana au isiyofikiana, ikaishia katika ncha moja kali. Kama angeambiwa “viringisha pembe”, asingefikiria kamwe kuitumia kazi hiyo. Akiambiwa “unga”, ataifikiria. Mfaransa, kwa makusudi au kwa bahati, amekaa karibu zaidi na mkono wa mfanyakazi.

OFFSET yatoa funzo la upande wa pili, maana humo Wajerumani na Wafaransa wote naona wameteleza. VERSETZ na DECALER yote ni maneno ya kuhamisha au kusogeza kitu, hali mstari wa kwanza hauendi popote: hubaki pale pale, na wa pili huzaliwa kando yake, sambamba, kwa umbali uliotajwa. Sisi hatuna haja ya kuwafuata. Fundi mwashi aanzapo ukuta huvuta kamba ya kwanza, kisha huvuta ya pili mbali nayo kwa upana wa ukuta. Hajaihamisha ya kwanza, ameongeza. Mwambie mwanafunzi aliyepata kusimama penye ujenzi kwamba OFFSET ni kuvuta kamba ya pili, wala hutakuwa na haja ya kumweleza tena.

Juu ya skeli sina mengi. Aliyelelewa na ubao, rula na bikari huamua skeli kwanza, 1 kwa 100 au 1 kwa 50, ndipo achore. Katika AutoCAD huchora kila kitu kwa ukubwa wake halisi, ukuta wa mita 3 ukiwa milimita 3000, na skeli huja mwisho, wakati wa kupanga karatasi ya kuchapa. Atakayeligeuza hilo atateseka mpaka mwisho wa kazi.

Tukiingia Revit, mambo yageuka tena, na hapa ndipo wengi waliokwisha ijua AutoCAD hukata tamaa, kwani huzitafuta layer walizozizoea na hawazioni. Revit haichori mistari ya ukuta, hujenga ukuta. Ukuta huo wajua unene wake, kimo chake na vitu ulivyojengwa navyo. Mlango hauwezi kuwekwa pasipo ukuta, na ukuta ukifutwa mlango huenda nao. Ukiondoa mlango katika ramani ya sakafu, hutoweka pia katika sura ya mbele ya nyumba na katika jedwali la milango. Mlango hauingizwi kundini na mchoraji, bali huzaliwa ukiwa wa kundi la milango.

Chini ya kundi hilo mna ngazi tatu, na Kiingereza huita ya kwanza family. Neno hili likifasiriwa familia huleta vurugu, kwa kuwa katika lugha yetu familia ni watu walio hai, wa namna mbalimbali, waishio pamoja. Hali katika Revit ni umbo moja liwezalo kutolewa kwa vipimo mbalimbali. Seremala angeliita sampuli. Sampuli ni, tuseme, mlango wa ubao mmoja. Ndani ya sampuli mna aina: wa upana wa milimita 800, wa 900. Na ndani ya aina mna milango yenyewe, ule wa jikoni, ule wa chumba cha wageni. Mwanafunzi asiyezitenga ngazi hizi hutaka kuupanua mlango wa jikoni peke yake, hubadili kipimo cha aina, na milango yote ishirini ya aina ile hupanuka kwa pamoja, pengine bila yeye kutambua. Makosa ya jinsi hii hayakai kwenye kioo tu: fremu huagizwa kwa kufuata jedwali lile. Aelewaye sampuli, aina na mlango wenyewe amekwisha pita penye mwiba.

Kwa hiyo majuma machache ya mwombaji wetu yatumiweje? Rai yangu ni achukue futi ya kupimia, aipime nyumba aishimo, naye aichore hiyo, si mifano ya vitabu yenye baraza za theluji. Nyumba yake aijua. Pakitokea kosa, macho yake yatamwambia. Wanafunzi na walimu hupewa na Autodesk ruhusa ya kutumia programu hizi bila malipo kwa mwaka mmoja mmoja, mradi wasizifanyie kazi ya kulipwa. Na asiye mwanafunzi aweza kuanzia FreeCAD au LibreCAD, ambazo ni za bure kwa watu wote, kwani makundi na viungo humo pia vimo. Atakayetuma faili ya Revit kwa mwenye kazi na aulize kwanza ofisi ile yatumia toleo la mwaka gani, maana Revit haihifadhi faili kwa toleo lililotangulia, na faili isiyofunguka haisomwi na mtu.

Laweza kuulizwa ya kuwa, maadamu kampuni haijatia Kiswahili katika programu zake, mjadala huu wa maneno una faida gani. Katika AutoCAD faida yake yaweza kuonekana leo hii. Katika matoleo ya lugha nyingine, amri za Kiingereza hazikufutwa: Mfaransa akitanguliza alama ya kistari cha chini, akaandika _LINE, programu humtii. Na vifupi vya amri vimeandikwa katika faili ya maandishi ya kawaida, iitwayo acad.pgp, ambayo mtumiaji anaruhusiwa kuihariri. Mstari mmoja watosha: UNGA, kisha mkato, kisha *FILLET. Ukihifadhi na kuifungua programu upya, neno UNGA huwa amri. Vivyo hivyo KATA kwa TRIM, REFUSHA kwa EXTEND, SAMBAMBA kwa OFFSET. Mwalimu wa chuo cha ufundi aweza kuyatia maneno ishirini katika kompyuta za darasa lake kwa saa moja, akaona mwenyewe lipi lashikwa na lipi lakataliwa. Na huo ungekuwa ushahidi bora kuliko kikao chochote cha istilahi nilichopata kuhudhuria. Sharti moja: katika juma la mwisho ayaondoe, wanafunzi warudi kwenye L na TR, kwa kuwa kompyuta watakayokalishwa mbele yake siku ya mtihani wa kazi haitakuwa na faili yake.