Kasri la Njoro: Jiwe ndilo liliamua nakshi

KASRI la Lord Egerton, lililoko Ngata karibu na Njoro, hujulikana zaidi kwa kisa cha mwenyewe kuliko kwa ujenzi wake. Maurice Egerton, bwanyenye Mwingereza, alianza kulijenga mwaka wa 1938. Vita vya Pili vya Dunia vilimchelewesha, na jumba hilo la vyumba 52 likakamilika 1954. Husimuliwa kwamba alikusudia kumridhisha mwanamke aliyeidharau nyumba yake ya awali kwa udogo wake. Hakuoa kamwe, naye alifariki 1958.

Hata hivyo, kuta zenyewe zina habari ya kueleza. Anayesafiri kutoka Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, hadi Njoro hupita katika nchi iliyofinyangwa na volkano za Olkaria, Eburru na Menengai. Majivu yaliyorushwa na volkano za Bonde la Ufa yaligandamana kwa maelfu ya miaka yakawa jiwe. Katika machimbo ya Njoro ndiko yalikochongwa mawe ya kasri hilo.

Jiwe la namna hiyo ni jepesi, nalo hukubali nyundo na patasi. Lakini lina vitundu vingi na chembe zisizolingana, hivyo nakshi nyembamba humeguka upesi. Waashi hupata umaridadi kwa njia nyingine: pembe zilizonyooka, viungo vyembamba na safu zinazolingana.

Kwingineko hali ni tofauti. Mjini Jaisalmer, katika jangwa la India, jumba la Patwon ki Haveli, lililoanza kujengwa mapema katika karne ya 19, lina roshani za mawe ya mchanga zilizotobolewa mithili ya kitambaa cha lesi. Mvua ni haba huko, na chembe za jiwe ni laini. Lamu nako, matumbawe huchongwa yangali mabichi, kisha hukauka na kuwa magumu. Zidaka za ndani hurembwa kwa chokaa.

Njoro ni nchi ya baridi na mvua. Urembo mwingi wa kasri umewekwa ndani: kuta zilizofunikwa kwa mbao za mwaloni, na ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba.

Tabia hiyo hiyo ya jiwe ndiyo hatari yake leo. Paa likivuja au mfereji ukiziba, maji hunyonywa ukutani. Viungo vikizibwa kwa saruji ngumu kupita jiwe, unyevu hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe, nalo hubanduka magamba.

Kasri hilo ni mali ya Chuo Kikuu cha Egerton, kilichotokana na shule ya kilimo iliyoanzishwa 1939 katika ardhi aliyoitoa bwanyenye huyo. Wageni hulizuru kwa ada. Kulitunza kutahitaji fedha, na zaidi ya fedha, waashi wanaojua kuchonga kwa mkono. Machimboni siku hizi ni misumeno ya mashine inayokata mawe; ujuzi wa patasi usiporithishwa, jiwe litakalobanduka halitapata wa kulirudishia sura yake.