Atari ST na Kazi ya Kutunza Mapigo

Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 ziliingia katika studio za muziki zikiwa na uwezo mdogo wa kutoa sauti zenyewe, na hilo ndilo jambo la kwanza linalopaswa kueleweka, kwa kuwa msomaji wa leo amezoea kompyuta inayorekodi, inayochanganya na kupiga muziki wote ndani yake. Atari ST, iliyoanza kuuzwa mwaka 1985, ilikuwa na chipu ya Yamaha iliyoweza kutoa sauti tatu tu kwa pamoja. Chipu hiyo ilifaa kwa michezo, lakini haikukaribia utajiri wa sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda milio kwa saketi zake. Kilichoifanya Atari ST ipendwe na wanamuziki ni matundu mawili ya duara, moja la kupokea amri za muziki na jingine la kuzituma, yaliyojengwa katika mwili wake tangu kiwandani, ilhali wenye kompyuta nyingi za wakati huo walilazimika kununua kifaa cha ziada ili wayapate. Kazi ya Atari ST ilikuwa kutunza wakati: kukumbuka ni noti gani ipigwe, na ala gani, lini na kwa nguvu kiasi gani, kisha kuziamrisha ala zifanye hivyo bila kuchelewa.

Lugha ya amri hizo ni MIDI, utaratibu wa pamoja wa kuunganisha ala za kielektroniki. Kabla yake, kila kampuni ilikuwa na njia yake ya kuunganisha vinanda vyake, na mwanamuziki aliyenunua ala za makampuni mawili aghalabu hakuweza kuzifanya zipige pamoja. Mwaka 1981 Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits ya California, akishirikiana na mhandisi Chet Wood, aliwasilisha pendekezo la utaratibu mmoja, na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland ya Japani, akalisukuma wazo hilo miongoni mwa makampuni ya kwao. Januari 1983, katika maonyesho ya wafanyabiashara wa ala nchini Marekani, Prophet-600 ya Sequential iliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland, na washindani wawili wakasikika wakipiga muziki mmoja. Ni nadra makampuni yanayogombea soko kukubaliana namna hiyo, na wote wanaotunga muziki kwa kompyuta hadi leo wanakula matunda ya makubaliano hayo.

Ujumbe wa MIDI ni mfupi ajabu. Mtu anapobonyeza noti ya do ya katikati ya kinanda, waya hupitisha namba tatu tu, kwa mfano 144, 60 na 100. Namba ya kwanza husema kwamba noti imeanza, na kwamba amri inahusu chaneli ya kwanza kati ya chaneli 16, chaneli zikiwa ni njia za kutofautisha ala zinazotumia waya mmoja. Namba ya pili hutaja noti yenyewe, na ya tatu hueleza nguvu ya kidole katika ngazi za kuanzia 0 hadi 127. Kidole kinapoachia, ujumbe mwingine hutumwa wa kuizima noti hiyo. Hakuna sauti yoyote inayopita katika waya huo, na kwa sababu hiyo wimbo mzima uliweza kukaa katika mashine ndogo. Sekunde moja ya sauti ya ubora wa CD huhitaji baiti 176,400, baiti ikiwa ndicho kipimo cha msingi cha kumbukumbu ya kompyuta, hivyo megabaiti moja haitoshi hata sekunde sita za muziki uliorekodiwa. Megabaiti hiyohiyo hubeba makumi ya maelfu ya amri za MIDI, na nafasi ikabaki.

Megabaiti moja ndiyo iliyokuwa ndani ya Atari 1040ST ya mwaka 1986, kompyuta ambayo kampuni ya Jack Tramiel iliiuza Marekani kwa bei isiyofika dola 1,000. Prosesa yake, Motorola 68000, ilikwenda kwa megahezi 8, kasi ambayo leo inaonekana duni mno. Hata hivyo mfumo wake uliendesha programu moja kwa wakati mmoja, na chipu yake ya 68901 ilikuwa na vihesabu wakati vinne ambavyo mtunzi wa programu aliweza kuvitumia moja kwa moja. Kihesabu kilipofikia muda uliopangwa, kiliikatiza prosesa na kuilazimisha itume noti papo hapo, iwe skrini ilikuwa ikichorwa upya au mtumiaji alikuwa akisogeza kipanya. Kompyuta za baadaye, zenye nguvu mara mia, zilianza kugawanya muda wao kati ya programu nyingi, na noti zikawa zinangoja zamu pamoja na kazi nyingine. Sifa ya uthabiti wa mapigo ambayo Atari inayo hadi leo ina msingi wa kweli, ingawa baadhi ya wapenzi wake huizungumzia kana kwamba ni muujiza.

Ukomo ulikuwepo, nao ulikuwa katika waya wenyewe. MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na kila baiti huchukua biti 10 ikihesabiwa pamoja na alama za mwanzo na mwisho, hivyo ujumbe wa namba tatu, yaani baiti tatu, hutumia karibu milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Noti hupita mojamoja, kama watu wanaotoka katika mlango mwembamba. Kundi la noti 10 zilizoandikwa zilie kwa pamoja hutawanyika kwa milisekunde zipatazo 10 endapo kila ujumbe utatumwa mzima, na ikiwa ala 16 zitaamriwa kupiga pigo moja, ya mwisho itasikika baada ya milisekunde 15. Sikio la kawaida huenda lisitambue uchelewaji huo katika nyuzi zinazoanza taratibu, lakini katika ngoma hutambua kwamba mdundo umelegea. Kwa hiyo watayarishaji walijifunza kuitanguliza ngoma katika foleni, na wenye uwezo walinunua vifaa vya ziada kama Unitor ya kampuni ya C-Lab, vilivyoongeza matundu ya kutuma ili mzigo ugawanyike.

C-Lab ilikuwa kampuni ya Ujerumani, na Ujerumani ndiko programu maarufu zaidi za sikwensa za Atari zilikotungwa. Sikwensa ni chombo kinachohifadhi mfuatano wa amri za muziki na kuurudia kwa mpangilio. Creator ya C-Lab, iliyotoka mwaka 1987, na Notator iliyoongeza uandishi wa nota, ziligawa kipimo cha mapigo manne vipande 768, kiasi kwamba katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika kila kipande kilikuwa chini ya milisekunde tatu. Wimbo ulijengwa kwa vifungu vifupi vilivyounganishwa mmoja baada ya mwingine, njia iliyowafaa sana watunzi wa muziki wa dansi unaojirudiarudia. Mtayarishaji Fatboy Slim wa Uingereza aliendelea kuitumia Atari na Creator hata katika albamu yake ya mwaka 1998. Steinberg ya Hamburg ilichukua njia nyingine kwa Cubase, mwaka 1989, pale ilipoutandaza wimbo wote kwenye skrini kutoka kushoto kwenda kulia, kila ala na mstari wake, na picha hiyo ndiyo inayoonekana katika takriban kila programu ya muziki ya leo.

Programu hizo zilimpa mtunzi pia uwezo wa kunyoosha mapigo, yaani kuivuta kila noti iliyopigwa kwa mkono hadi kwenye mgawanyo wa karibu zaidi. Uwezo huo umeharibu nyimbo nyingi. Mpigaji mzuri huchelewesha noti fulani kwa makusudi, na mashine isiyojua makusudi hayo huyafuta. Ndiyo maana mafundi wenye sikio walinyoosha ngoma peke yake na kuliacha besi likae pale mkono ulipoliweka.

Kazi zilizotungwa wakati huo sasa ziko hatarini. Disketi hupoteza sumaku yake, na Cubase na Notator za Atari haziendeshwi bila ufunguo wa kielektroniki uliochomekwa ubavuni mwa kompyuta, ufunguo ambao ukifa programu nayo hukwama. Anayerithi mashine yenye nyimbo anapaswa kuzinakili disketi kwanza, kisha kuihifadhi kila kazi kwa muundo sanifu wa faili za MIDI uliokubaliwa mwaka 1988, ambao programu za kisasa huusoma. Aandike pia pembeni ni ala gani iliyopiga kila chaneli na kwa mlio namba ngapi, maana faili itataja noti 60 na nguvu 100, lakini haitaeleza kama ilipigwa kwa sinthesaiza ya Yamaha DX7 au kwa sampula, yaani ala inayopiga sauti zilizorekodiwa, ambayo imekwishauzwa.