Mke Atokaye Ng'ambo ya Mpaka na Ruhusa ya Kukaa Nchini

Wenyeji wa Marangu waufahamu vema mpaka wa Kenya. Barabara ipitayo Marangu Mtoni huenda Mwika na Rombo mpaka Tarakea, na ile itokayo Himo kwenda mashariki hufika Holili. Ng'ambo yake ni Taveta. Watu huvuka kwenda sokoni, na wengine huoa huko huko. Waingereza na Wajerumani walipoukata mpaka huo mwaka 1886 hawakuuliza ukoo upi una shemeji upande wa pili. Kwa hiyo yafaa viongozi wa vijiji na walimu waijue sheria ya mgeni, maana ndio waendewao kwanza na wenye shida.

Wengi hudhani ya kwamba mahari ikiisha kutolewa, na mke akiisha kuingia kihambani, amekwisha kuwa mtu wa nchi hii. Kwa ukoo ni kweli. Kwa Serikali bado. Wala barua ya mwenyekiti wa kijiji si ruhusa ya kukaa: yamtambulisha tu mwenye kuichukua.

Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilipoanza kutumika, tarehe 1 Julai 2010, raia wa nchi za Jumuiya aweza kupewa mpakani ruhusa ya kukaa hata miezi 6. Lakini apitaye njia za panya hapigiwi muhuri, na siku akiulizwa hana la kuonyesha. Muda ule usijeukaisha, mume na amwombee mkewe hati ya mtegemezi katika ofisi ya Uhamiaji. Hati hiyo ni ya kukaa, si ya kazi. Atakaye kuajiriwa sharti apate kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya mwaka 2015, pamoja na kibali cha ukaazi.

Sasa tuje kwenye uraia. Sheria ya Uraia ya 1995 humpa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia wakati wo wote mumewe awapo hai. Maneno hayo ya mwisho yana uzito kuliko yote. Mfikirie mama aliyekaa miaka 30, amezaa na kulea, amepalilia kahawa na migomba, asiombe kitu. Kisha mumewe afariki. Watoto wake ni raia kwa ajili ya baba yao, bali yeye ni mgeni, na njia ile imefungwa. Tena Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji.

Hapo hubaki njia ya watu wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo, na katika miaka 10 iliyoitangulia awe amekaa jumla ya miaka 7 isiyopungua, ajue Kiswahili au Kiingereza, tena awe mwenye tabia njema. Naye asiye na hati hata moja ataithibitishaje miaka yake? Mume mgeni aliyeoa binti wa Marangu hushika njia hiyo hiyo ndefu, kwa kuwa sheria yamtaja mwanamke tu. Katiba ya Kenya ya 2010 haibagui: mke au mume, ndoa ikitimiza miaka 7, ana haki ya kuomba kuandikishwa.

Tena Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Apewaye wa hapa huukana ule wa kwao, na jambo hilo lafaa kuzungumzwa na wazazi wake mapema, si mlangoni mwa ofisi.

Ofisini huulizwa cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 yaitambua ndoa ya kimila, lakini yataka iandikishwe; basi aliyeoa kimila pasipo kuiandikisha na aanzie kwa msajili wa ndoa wilayani, ndipo aende Uhamiaji, mume na mke pamoja.